Usiniambie Umeshakisoma

Wajukuu zangu, mnaopanda ngazi zangu Jumamosi na mnaopita chini mkijifanya hamkuniona, haya ni yenu wote.

Mwezi wa pili mwaka huu kijana mmoja wa miaka 19 alinibebea mfuko kutoka soko la Abattoir. Nilikuwa nimesimama langoni, chini ya wale mafahali wawili wa shaba, natafuta pumzi, naye akanipokonya mzigo bila kuuliza: mihogo, makayabu, na sombe iliyokwisha kutwangwa. Wazazi wake ni watu wa Bukavu, yeye kazaliwa hapa hapa Anderlecht, Brussels. Alipoutua jikoni kwangu, ghorofa ya tatu, akaona juu ya friji kitabu nilichokinunua sokoni hapo kwa euro moja, kilikokuwa kimetandazwa chini pamoja na chaja za simu na viatu vya mguu mmoja mmoja. Ni L'Étranger cha Albert Camus. Akakigeuza, akacheka.

"Babu, ile kitabu nilisomaka ku masomo. Nilipata kumi na ine juu ya makumi mbili."

Nikamuuliza kinahusu nini. Akajibu bila kupepesa: kuna mtu hakulia kwenye mazishi ya mama yake, baadaye akaua mtu ufukweni, akahukumiwa kifo. Ndivyo hasa. Hata mimi ningempa zile 14.

"Aliyeuawa anaitwa nani?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Mwarabu," akasema.

"Ndiyo, lakini jina lake?"

Akavuta kiti, akaanza kupekua. Nilimwacha. Nikamenya mihogo, nikaiteleka, ikaanza kuchemka, yeye bado anapekua. Hakulipata kwa sababu halimo. Kitabu kilitoka mwaka 1942, kisa kinatokea Algiers, na mtu anayepigwa risasi tano hana jina tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwandishi wa Algeria, Kamel Daoud, ilibidi aandike riwaya nzima, ikatoka mwaka 2013, ili kumpa marehemu jina na ndugu wa kumlilia. Na huyu mjukuu wangu, marafiki zake wote wa mpira ni watoto wa Kimoroko wa mitaa hii ya Cureghem. Anajua mama zao, anajua nani kati yao anaogopa mbwa. Alisoma kitabu kizima akiwa na miaka 16, akafanya mtihani, akafaulu, wala hakugundua kwamba maiti haina jina.

Sikumcheka. Ningemchekaje? Yeye kosa lake halikumgharimu hata maksi moja. Langu lilinigharimu miaka.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko nyumbani Tanzania. Bwenini kwetu kulikuwa na nakala moja ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilikuwa imetoka miaka mitatu tu nyuma, na shuleni ilikuwa imepigwa marufuku, jambo ambalo kwa mvulana wa miaka 16 ni tangazo la biashara. Nakala yetu ilikuwa imechanwa jalada na kuvishwa jalada la kitabu cha jiografia. Tuliisoma kwa zamu, usiku, chini ya blanketi, kwa tochi ambayo betri zake tulizianika juani mchana ili zipate roho kidogo. Zamu ilipokufikia hukuhitaji kutafuta ukurasa. Ukikiweka kitabu juu ya godoro kilijifungua chenyewe pale ambapo wavulana 40 walishakifungua kabla yako.

Nilikimaliza kwa usiku mbili, ukihesabu na kurasa nilizoziruka. Niliruka nyingi. Nilimruka hasa baba, Zakaria, yule mlevi wa Ukerewe anayempiga binti yake mkubwa, Rosa, kwa ajili ya barua ya mvulana. Mzee anafoka, mama analia, mambo ya kila nyumba. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika kule mbele, Rosa alikoanza kuwa huru. Basi nikakirudisha, na kwa miaka mingi nikawa nawaambia watu: Rosa Mistika? Nimeshakisoma.

Nilifika Ubelgiji mwaka 1989. Nilisafisha ofisi usiku, nililala mchana, nilipata mke na watoto wawili. Mwaka 2006 binti yangu alikuwa na miaka 15. Asubuhi moja nilitoka kazini, nikachukua koti lake nilitie kwenye mashine ya kufulia, nikapapasa mifuko kama kila mzazi anayeogopa sarafu kwenye mashine. Nikakuta karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Mwandiko wa mvulana, Kifaransa, mistari kama saba hivi. Hakukuwa na neno chafu hata moja. Nakumbuka alikuwa amechora mti pembeni.

Sikulala siku ile. Niliiweka karatasi katikati ya meza ya jikoni, nikaikalia kama polisi. Binti aliporudi shule nilimwambia asimame pale, mbele ya mama yake na mdogo wake, asome kwa sauti. Akasoma. Alipofika mstari wa nne sauti ikakatika. Nikamwambia endelea. Akaendelea mpaka mwisho, akaikunja vilevile mara nne, akaniuliza kama anaweza kwenda chumbani.

Sikumpiga. Nilijisifu sana kwamba sikumpiga. Niliwaambia hadi wenzangu kazini. Lakini tangu siku ile nilikuwa napata "ndiyo baba" na "hapana baba", na katikati ya hayo mawili hakuna kitu. Alipotimiza miaka 18 alichagua chuo cha Liège, kilomita karibu 100 kutoka hapa, ingawa Brussels imejaa vyuo.

Mwaka 2014 nilienda nyumbani kumzika dada yangu. Siku moja kabla ya kurudi nilipita Posta, Dar es Salaam, wale wauza vitabu waliotandaza chini, nikaiona Rosa Mistika. Niliinunua kwa ajili ya kicheko: nikumbuke tochi, nikumbuke wenzangu, wengine wao leo ni marehemu. Nikaifungua kwenye ndege. Haikujifungua yenyewe, ilikuwa chapa mpya, kwa hiyo nikaanza mwanzoni kama mtu mwenye adabu. Nikafika kwa Zakaria na ile barua.

Nilifunga kitabu. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, akaniuliza kama naumwa.

Kezilahabi alikuwa hajafika miaka 30 alipokitoa kitabu kile. Kijana yule, mwenyewe mzaliwa wa Ukerewe, alinieleza waziwazi baba wa aina ile anafanya nini, na kwamba binti aliyefungiwa kwa hofu siku akifunguliwa hajui afanye nini na mlango. Alinieleza miaka 32 kabla ya siku yangu ya mashine ya kufulia. Niliyashika maonyo yale kwa mikono yangu miwili, nikayamulika kwa tochi, nikayaruka.

Mnaijua ile ya asiyesikia la mkuu. Utotoni niliimba kama wenzangu, nikidhani mkuu ni mtu mwenye mvi na anayevunjika guu ni mtoto. Guu lililovunjika ni la mwenye mvi, na mkuu aliyesema asisikilizwe alikuwa kijana wa chuo kikuu.

Kwa hiyo nikimsikia mmoja wenu anasema "nimeshakisoma" huwa nahisi baridi. Najua mnamaanisha nini. Mnamaanisha nimeshafanyiwa mtihani wake. Kwetu tulikuwa na miongozo, vile vijitabu vyembamba vya uhakiki: dhamira, ujumbe, wahusika, migogoro, basi. Wapo waliofaulu vizuri bila kugusa riwaya yenyewe. Nanyi hapa mna muhtasari wa kwenye simu, ni kitu kile kile kimevaa suti. Siwalaumu walimu. Mtihani ni mwezi wa sita, hauwezi kungoja mpaka uwe na binti wa miaka 15. Ila msichukue cheti cha shule mkadhani ni talaka, kwamba wewe na kitabu mmeachana kwa wema na kila mmoja ashike njia yake.

Shukeni metro Saint-Guidon siku moja, mtembee dakika chache nyuma ya kanisa. Kuna nyumba ya matofali yenye bustani, wanaiita Nyumba ya Erasmus. Jina hilo mnalitamka kila siku bila kujua: ndilo la hospitali ambayo wengine wenu mlizaliwa, ndilo la kituo cha mwisho cha metro namba 5, ndilo la mpango uliowapeleka dada zenu kusoma Hispania kwa muhula mmoja, mpango ulioanza mwaka 1987. Desiderius Erasmus, mzaliwa wa Rotterdam, alikuja kukaa hapo mwaka 1521, tangu mwisho wa mwezi wa tano hadi mwezi wa kumi, mgeni wa kanoni Pieter Wijchmans. Alikuwa ameshavuka miaka 50. Wakati ule Anderlecht ilikuwa kijiji, watu waliijia hewa safi. (Nami nilipohamia huku 1989, upande wa mfereji, hewa safi sikuambiwa ilikokwenda.)

Erasmus, wajukuu zangu, alikuwa mkusanya methali. Mwaka 1500 mjini Paris alitoa kitabu cha methali za Wagiriki na Warumi, kama 800 hivi, kila moja na maelezo mafupi. Mtu mwingine angepiga mhuri: nimemaliza. Mwaka 1508 akakitoa upya mjini Venice, methali zimepita 3,000. Akaendelea kukitoa na kukitoa tena. Alipokufa mwaka 1536 zilikuwa zimepita 4,000. Mimi hesabu hainisisimui sana, maana kuongeza methali ni kazi ya mwenye subira yoyote. Kinachonishika ni kwamba alikuwa akirudi kwenye zile zile za zamani. Kuna moja fupi, kuhusu mtu anayevisifu vita kwa kuwa hajawahi kuvionja. Mwanzoni aliiandikia mistari michache. Kisha mwaka 1506 akiwa Italia alimwona Papa Julius II akiingia Bologna kama mshindi wa vita, na miaka iliyofuata akaona wafalme wa Ulaya wakikatana. Katika toleo la mwaka 1515 methali ile ile ikawa insha ndefu, kali, mojawapo ya maandishi makubwa dhidi ya vita ambayo Ulaya imewahi kuwa nayo. Methali haikuongezwa hata silabi. Wazazi wenu waliotoka Bukavu na Goma hawahitaji kuelezwa jambo hili. Waulizeni ni nyimbo gani za utotoni hawawezi kuziimba tena.

Vitabu vyake navyo vilikuja kupigwa marufuku. Mwaka 1559, yeye ameshakufa, Roma iliviweka kwenye orodha ya visivyosomwa. Sijui kama nako kulikuwa na wavulana chini ya blanketi. Natumaini.

Na wa kwetu yupo. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Kaisari, ukachapwa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Alikuwa rais wa Tanganyika, na si mtu wa kukosa kazi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wake mwenyewe waliasi, ikambidi ajifiche. Kabla tu ya hapo yalikuwa yametokea Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka huo huo ukaja Muungano. Mwaka 1967 Azimio la Arusha. Halafu mwaka 1969, katikati ya yote hayo, anatoa tafsiri ile ile imerekebishwa, sasa inaitwa Juliasi Kaizari. Wataalamu watakwambia ni mambo ya lugha, na mimi sina ushahidi mwingine wa kuwapinga. Lakini siwezi kumwaza mtu ambaye askari walimtafuta usiku akikaa chini na mchezo ule, anafika pale wenye visu wanapomzunguka mtawala wao, na akili yake iko kwenye sarufi peke yake.

Hapa nisiwadanganye. Si kila kitabu cha zamani kinastahili safari ya pili. Vipo vya upelelezi nilivyoviabudu nikiwa kidato cha tatu. Nilipovirudia vilikuwa vimenywea kama sweta la sufu lililopikwa kwenye maji ya moto. Hata Shaaban Robert, ambaye kumgusa kwetu ni kama kugusa msahafu, mimi bado naona anahubiri mno. Nilipokuwa shule Kusadikika ilinichosha, na leo hotuba za Karama mahakamani bado ni ndefu. Lakini kitabu kile cha mwaka 1951 kina wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta mazuri ya nchi nyingine, wakarudi na habari, wakatupwa gerezani. Shuleni niliandika: "wajumbe wanawakilisha wapenda maendeleo". Maksi mbili. Mwaka 1995 nilirudi nyumbani mara ya kwanza kutoka Ulaya, nimejaa habari za jinsi huku mambo yanavyokwenda, na kila nilipofungua mdomo kwenye baraza wajomba walitazama mbali na mmoja akaniuliza nimeleta saa ngapi. Nikajiita mjumbe wa saba. Nilijionea huruma vizuri sana. Imenichukua miaka mingine 20 kugundua kwamba siku hizi wajumbe ni nyinyi, mnaotuletea habari za dunia ambayo sisi hatujaifika, na sisi wazee tuliokaa kwenye viti tumeshaanza kunong'ona kuhusu gereza.

Tena kuna marejeo ya hatari, na haya ni ya umri wangu, ila nanyi mtaufikia. Wapo wazee wanaokirudia kitabu kimoja kama wanavyokirudia kitanda. Wanajua bonde lao liko wapi, wanalala humo humo. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa akisoma Utenzi wa Mwana Kupona kila mwaka, na kila mwaka akitoka na aya zile zile za mke kumtii mume, za kumsomea mkewe. Siku moja mkewe akamuuliza: aliyeutunga mwaka 1858 si alikuwa mwanamke mgonjwa, anamwandikia binti yake kwa kuwa anahofu kumwacha peke yake? Mbona hilo hunisomei? Yule bwana alikuwa amemsoma mama yule mara 30 akiwa amelala.

Nikiwashauri la kufanya, ni dogo. Chagueni vitabu vitatu, si kumi. Kimoja kiwe cha Kiswahili, hata kama mnasoma kwa kukwama, maana kukwama kunamzuia mtu kuruka. Ukikimaliza, andika mwaka kwa penseli kwenye ukurasa wa kwanza, na jina la mhusika uliyemchukia. Kitie kabatini. Ukipata kazi kitoe. Ukioa au ukiolewa, kitoe. Siku utakayopewa mtoto mikononi, hata kama hujalala, soma kurasa kumi. Usingoje pensheni kama mimi. Pensheni inakuta mambo yameshatendeka, na kitabu kinachokuonya baada ya jambo kinauma bure.

Yule kijana wa 14 kwa 20 alikiomba kitabu changu cha euro moja akaenda nacho. Amekaa nacho miezi mitatu. Juzi nilimkuta kwenye kituo cha Clemenceau, akaniambia amekuwa akiwasomea wenzake vipande baada ya mazoezi, na mmoja wao, mtoto wa Kimoroko, amemkasirikia Camus kabisa, hataki kusikia. "Mwingine anasema mwandishi alifanya makusudi. Tunabishana." Hakuniuliza jibu, nami sikulitoa.

Rosa Mistika yangu haipo nyumbani. Binti yangu ana miaka 34 sasa, alirudi Brussels, na ana msichana wake anayeelekea kumi na moja. Mwaka jana nilimpa kitabu. Sikumwambia kwa nini. Nilimwambia tu ni cha zamani zangu. Kiswahili anakisoma taratibu, kidole chini ya mstari, na maneno ya Ukerewe anaandika pembeni aniulize. Kila Jumapili anauliza mawili matatu. Jumapili iliyopita alikuja na daftari lake kama kawaida, lakini hakulifungua. Alikaa kwenye meza ile ile, maana sijawahi kununua nyingine, akaniambia kwa Kifaransa kwamba amefika kwenye barua.

Nikasubiri. Akauliza kama chai ipo.

Nikainuka nikateleka birika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kitabu kile hakuondoka kabla maji hayajachemka.